Ukizima Rimoti, Gari Linajuaje?

Gari la rimoti tunalolijenga nyumbani lilikuwa juu ya matofali, tairi zote hewani. Mpwa wangu ameshika rimoti kwa mikono miwili, stiki kaisukuma mbele mpaka mwisho, na zile mota mbili za waipa (za kufutia kioo cha gari) tulizozinunua Gerezani, Dar es Salaam, zinazunguka bila kukwama hata kidogo. Akaniangalia akaniuliza:

"Mjomba, nikizima hii, gari linajuaje kama nimezima?"

Nikamwambia azime tuone.

Akazima. Kioo cha rimoti kikawa cheusi. Tairi zikaendelea kuzunguka vilevile, kasi ileile.

Nikachomoa waya wa betri, zikasimama. Yeye akaenda kunywa maji, kwake yalishaisha. Mimi lile swali halikuniacha. Nikiwa kwenye daladala nalifikiria, nikiwa kazini nalifikiria, nikilala naliota, na kadiri wiki zinavyokwenda ndivyo ninavyozidi kuona kwamba huyu mtoto kauliza kitu ambacho sisi wote tunaojenga haya magari tulitakiwa tujiulize kabla hata ya kufunga tairi ya kwanza.

Maana hebu fikiria lingekuwa chini. Ukijumlisha fremu ya chuma, betri na mota, lile gari halibebeki kwa mkono mmoja. Mota ya waipa ndani yake ina gia inayoshusha kasi na kupandisha nguvu, ukijaribu kushika tairi kwa mkono linakwenda na mkono wako. Na uwanja wetu ni kama nyumba nyingi za Tabata: watoto, kuku, ndoo za maji, jiko la mkaa na sufuria juu yake.

## Kinachopita kwenye ule waya

Namna ya kuunganisha risiva (kipokezi cha mawimbi ya rimoti) na Arduino (kompyuta ndogo inayoongoza gari) sitaieleza, mnaifahamu. Nataka tuangalie kitu kimoja tu, ule waya wa signali unaotoka kwenye risiva.

Kila baada ya milisekunde 20 hivi, risiva inapandisha volti ya ule waya, inaishikilia juu kidogo, inaishusha. Hilo ni pigo moja, na urefu wake ndio ujumbe wote. Mikrosekunde 1500 (yaani milisekunde moja na nusu) stiki iko katikati, 1000 iko upande huu, 2000 upande ule. Kisha maikrokontrola, yaani Arduino, inapima, inachanganya chaneli ya mbele na ya kona (kushoto unajumlisha, kulia unatoa), inazipelekea draiva za mota (bodi zinazopitisha umeme wa betri kwenda kwenye mota). Katikati unaacha uwazi kama wa mikrosekunde 30 kila upande, kwa sababu stiki haikai kwenye 1500 kamili hata ukiiachia, usipofanya hivyo mota zinalialia tu muda wote.

Sasa tafuta kwenye hayo yote neno la kusimama.

Halipo. 1500 ni namba kama namba nyingine, inasema "mwendo uwe sifuri", na lazima itumwe kama zinavyotumwa nyingine. Ukimya hauna maana yoyote kwenye ule waya. Mwenye rimoti akinyamaza, gari halijaambiwa lisimame, gari halijaambiwa kitu.

Hili jambo lina umri mkubwa kuliko Arduino. Mwaka 1898 Nikola Tesla alionyesha watu boti ndogo inayoongozwa kwa redio pale Madison Square Garden, New York, na hatimiliki yake namba 613,809 ilitoka Novemba 8 mwaka huohuo. Betri na mota zilikuwa ndani ya boti, mawimbi yalikuwa yanaleta maelekezo tu. Mpaka leo ndivyo tunavyojenga: nguvu iko kwenye gari, neno liko hewani.

Neno likikatika, nguvu inabaki.

## Namba iliyoganda

Jioni ileile nilichomeka laptopu niangalie gari linasoma nini. Stiki mbele, inaandika 1912. Nikazima rimoti, bado 1912. Nikasubiri. 1912.

Hapo nikawa na washukiwa wawili. Inawezekana risiva ndiyo inaendelea kutuma 1912 hata baada ya rimoti kuzimwa, au risiva imenyamaza na Arduino ndiyo imeng'ang'ania namba ya zamani. Nikachomoa waya wa signali kabisa, ukabaki unaning'inia hewani. 1912.

Kwahiyo Arduino. Ukifuatilia inaeleweka kabisa. Programu ilikuwa inatumia intarapti (kuikatiza programu kidogo kila pini inapobadilika) kwenye pini ya 2 na ya 3: waya ukipanda inaandika saa, ukishuka inatoa, jibu linawekwa kwenye kumbukumbu. Mapigo yakiacha kuja intarapti haiamshwi tena, na jibu la mwisho linakaa palepale mpaka umeme uishe. Njia yenyewe ni nzuri, ni njia sahihi, inasoma kwa haraka na programu nyingine inaendelea na shughuli zake (ila kumbuka kuzima intarapti kidogo unaponakili ile namba, maana ATmega328P, chipu iliyo ndani ya Arduino, ni ya biti 8 na namba ya biti 16 inaisoma kwa vipande viwili, mapigo yakiingia katikati unapata namba ambayo haijawahi kuwepo). Lakini haina macho ya kuona kwamba kitu kimeacha kuja.

Nikajiuliza, na wale wanaotumia pulseIn (amri ya Arduino ya kupima urefu wa pigo) je? Maana mifano mingi inayozunguka mtandaoni inatumia hiyo. Nikachukua kalamu.

Ukiita pulseIn bila kuipa kikomo cha muda, inasubiri pigo mpaka sekunde moja nzima, na programu yote imesimama inaisubiri. Pigo lisipokuja inarudisha sifuri. Ile sifuri sasa inaingia kwenye map, ile ya kugeuza 1000 mpaka 2000 kuwa -255 mpaka 255. Map haina mipaka, inapiga hesabu tu na kuendelea nje ya mstari. Sifuri inatoka ikiwa -765.

-765 ni hasi, kwahiyo programu inaelewa nyuma. Inaondoa alama ya kutoa, inapeleka 765 kwenye analogWrite (amri ya kupanga nguvu ya mota, 0 mpaka 255), na pini nyingi za Arduino Uno zinazofanya kazi hiyo zinapokea namba ya biti 8 tu, kinachozidi kinakatwa. 765 ukitoa 512 inabaki 253.

253 kati ya 255.

Yaani waya ukichomoka gari halisimami wala haliendelei mbele, linarudi nyuma kwa karibu nguvu yake yote, kumfuata aliyesimama nyuma yake ameshika rimoti. Na mtu akiwa makini akaweka constrain (ya kuibana namba isizidi mipaka) kabla ya hapo anapata -255, nguvu yote kamili. Nilirudia hiyo hesabu mara kadhaa kwa sababu sikutaka iwe kweli. Kisha nikaweka programu ya namna hiyo makusudi, gari likiwa juu ya matofali, nikachomoa waya. Tairi zikageuka zikaanza kurudi nyuma.

Hii ndiyo iliyoniudhi zaidi kuliko yote. Wanaofundisha wanafundisha vizuri sana jinsi ya kulifanya gari liende, video nzuri, michoro mizuri, na mtoto wa sekondari akifuata hatua zote linaenda kweli. Sehemu ya kusimama haimo.

## Risiva nayo ina mambo yake

Dawa ya ile namba iliyoganda ni nyepesi. Kila pigo likija unaandika saa ya mwisho. Kila mzunguko wa programu unauliza, tangu pigo la mwisho umepita muda gani? Ukizidi kikomo, mota sifuri. Mistari michache tu.

Nikaandika, nikapakia, nikachomoa waya wa signali, tairi zikasimama palepale. Nikafurahi sana. Nikarudisha waya, stiki mbele, nikazima rimoti.

Tairi zikaendelea kuzunguka.

Nilikaa chini kabisa. Kumbe washukiwa wale walikuwa wote wawili. Nilipoziba tundu la Arduino ndipo la risiva likaonekana, kwa sababu lilikuwa limejificha nyuma yake. Risiva ilikuwa imepoteza rimoti, na yenyewe ikawa inaendelea kupiga mapigo ya namba ya mwisho kila milisekunde 20 kwa uaminifu kabisa, na Arduino inayaona ni mapya, ina haki ya kuyaamini.

Hapa risiva zinatofautiana, na ndiyo maana huwezi kujua bila kujaribu ya kwako. Zipo zinazokata mapigo zikipoteza rimoti. Zipo zinazoshikilia ya mwisho. Na nyingi za siku hizi zinakuruhusu uchague mwenyewe namba ya kutoa mawimbi yakikatika, hiyo ndiyo wanaiita feilisefu, lakini mpaka uingie kwenye menyu uiweke, na karibu kila mtu anafungua boksi, anaoanisha rimoti na risiva, anaanza kuendesha.

Nilichofanya ni kuiambia risiva itoe namba ambayo stiki haiwezi kuitoa. Rimoti nyingi zinaruhusu kuongeza mwisho wa chaneli mpaka asilimia 120, hapo stiki ikivutwa chini inafika mikrosekunde 900. Unaihifadhi hiyo kama feilisefu, kisha unarudisha mwisho wa chaneli kwenye 100. Kuanzia hapo mkono wa mtu hauwezi kushuka chini ya 1000, kwahiyo Arduino ikiona 900 na kitu inajua haisikii mtu, inasikia risiva inayosema "nimempoteza". Wenye risiva za SBUS (zinazotuma chaneli zote kama data kwenye waya mmoja) wamerahisishiwa, kila kifurushi cha data cha baiti 25 kina biti maalum ya kusema feilisefu imewaka, ni kuisoma tu. Cha ajabu maktaba nyingi (programu zilizoandikwa tayari) zinaisoma hiyo biti na mtumiaji haigusi.

Kwenye mashindano ya roboti za kupigana, Uingereza na Marekani, hili wameliweka kwenye masharti ya ukaguzi. Rimoti inazimwa mbele ya mkaguzi na roboti lazima isimame, isiposimama haiingii ulingoni. Sisi huku tunacheza uani na ulingo wetu hauna kioo cha kuwakinga watazamaji.

## Amri au ruhusa

Baada ya hapo gari lilikuwa linasimama. Ningeweza kuishia hapo, lakini kuna kitu kilikuwa bado hakijakaa sawa kichwani.

Muda wote nilikuwa nachukulia kwamba stiki inatoa amri. Nenda mbele, geuka, rudi. Na amri ikishatolewa imetolewa, mpokeaji anaitekeleza mpaka ije nyingine. Hivyo ndivyo programu zetu zimeandikwa na hivyo ndivyo tunavyoongea, "naliamuru gari". Matundu yote mawili niliyoyaona yanatoka kwenye hiyo fikra moja, ya Arduino na ya risiva, wote wawili walikuwa wanatii amri ya mwisho.

Sasa naliona tofauti. Kila pigo ni ruhusa, na ruhusa yenyewe ni ya muda mfupi sana. Inamwambia mota "una haki ya kuzunguka kwa kasi hii kwa hii robo sekunde inayokuja, zaidi ya hapo hujaruhusiwa." Ni kama umeme wa LUKU, hamna mtu anayekuja kukukatia, yuniti zikiisha na hujaongeza giza linaingia lenyewe.

Madereva wa treni wanaijua hii kwa mkono na mguu. Treni nyingi zina kifaa ambacho dereva lazima akishikilie au akibonyeze kila baada ya muda, akizimia au akipatwa na chochote akaacha, breki zinajifunga. Hamna anayehitaji kugundua kwamba dereva amezimia.

Fikra ikigeuka, programu nayo inageuka. Badala ya kuanza na "mota ziende kwa kasi ya stiki" na kuongeza "isipokuwa mawimbi yakikatika", unaanza na mota sifuri. Kila mzunguko, sifuri. Kisha zinakuja sharti moja moja: pigo ni jipya? Liko kati ya 1000 na 2000, tuseme na nafasi kidogo pembeni? Risiva haijasema imempoteza mtu? Betri haijashuka sana? Zote zikijibu ndiyo, ndipo kasi inaandikwa. Ukisahau sharti moja kwa njia ya kwanza gari linakwenda lenyewe, ukikosea kwa njia ya pili gari linagoma kwenda. Gari linalogoma halijawahi kumgonga mtu.

## Robo sekunde ni nyingi au ndogo?

Hapa ndipo nilipokaa na mashaka kwa muda mrefu.

Ukiweka kikomo kifupi sana, milisekunde 40 tuseme, pigo moja au mawili ya kuaminika yakipotea tu (iwe kimya au ile 900) gari linashtuka. Na mapigo yanapotea. Mawimbi ya gigahezi 2.4 hayapendi maji, na mwili wa mtu ni maji, na tenki la maji lililosimama kwenye kona ya uwanja wetu ni maji matupu. Gari likipita nyuma ya lile tenki linakwenda kwa kusitasita. Mpwa wangu akaanza kulalamika kwamba nimeliharibu, na kwa macho yake alikuwa na haki.

Ukiweka kirefu, sekunde moja, linakwenda laini kabisa nyuma ya tenki. Lakini kwa kasi ya mtu anayetembea, kama mita 1.4 kwa sekunde, sekunde moja ni mita 1.4 ambazo gari linatembea bila mwenyewe. Uwanja wetu siyo mkubwa hivyo.

Robo sekunde ni sentimita 35. Nilichora hiyo sentimita 35 chini kwa chaki nikaiangalia. Nikajiuliza kama mtoto wa jirani wa miaka miwili amesimama hapo mbele naikubali au siikubali. Nikaikubali kwa kasi hiyo, kisha nikapunguza nguvu ya juu ya mota kwa programu mpaka gari lisiweze kuzidi mwendo wa mtu kutembea. Nadhani hapo wengi tunapishana, tunatafuta kikomo kizuri cha muda wakati kilicho rahisi zaidi ni kupunguza kasi. Kasi ikishuka nusu, umbali wa kosa lolote la muda unashuka nusu.

Antena nazo nilizipanga upya. Risiva yangu ina mbili, nilikuwa nimezilaza zote upande mmoja juu ya fremu ya chuma. Nikaziinua kwenye kipande cha mrija wa plastiki, moja wima moja ya kulala. Kusitasita nyuma ya tenki kukapungua sana.

## Mawimbi yakirudi

Hili sikulifikiria mwenyewe. Mpwa wangu alizima rimoti stiki ikiwa mbele, gari likasimama vizuri, tukapongezana. Kisha akaiwasha. Rimoti yenyewe ililalamika kwa mlio kwamba stiki haiko mahali pake, wengine zao zina huo ulinzi wengine hazina. Lakini nikawaza, je kama hajazima? Kama ni ukuta tu umeziba mawimbi, stiki bado ameishikilia mbele, alafu mawimbi yakarudi?

Gari linaruka.

Na wakati huo ndio mtu anakuwa amelisogelea. Gari limesimama, unadhani limekufa, unainama uangalie waya gani umechomoka, uso wako uko karibu na tairi, mwenzako huku kashika rimoti anatikisa stiki kuona kama linajibu. Nimeona watu wakifanya hivyo, na sisi wenyewe ndivyo tulivyokuwa tunafanya kila likisimama.

Kwahiyo ruhusa ikishaisha, pigo jipya peke yake halitoshi kuirudisha. Stiki lazima kwanza irudi katikati na ikae hapo karibu sekunde moja, ndipo gari linakubali kusikiliza tena. Sheria hiyohiyo inafanya kazi likiwashwa mara ya kwanza, na Arduino ikijizima na kujiwasha yenyewe. Na inajiwasha yenyewe kweli, maana mota ya waipa ikigeuzwa ghafla kutoka mbele kwenda nyuma inavuta ampea nyingi kwa mkupuo, volti ya betri inazama, na Arduino kama inakula betri hiyohiyo bila kitu katikati inazimia kidogo na kuamka. Usipoweka hiyo sharti inaamka stiki iko mbele na inaondoka nalo.

Mtumiaji anaona usumbufu. Kila likikatika lazima aachie stiki. Baada ya siku chache mkono unazoea.

## Pale programu inapoishia

Mpaka hapa yote niliyoyasema yanaamini kitu kimoja, kwamba Arduino iko hai na inazungusha programu. Na kama imeganda?

ATmega328P ina mlinzi wake wa ndani, wochidogi, ni saa inayohesabu chini na programu inatakiwa iiguse kabla haijafika mwisho, isipoguswa inaizima chipu na kuiwasha upya. Unaweza kuchagua muda kuanzia milisekunde 16 mpaka sekunde 8. Nimeweka milisekunde 250. (Kama una Nano, ile Arduino ndogo, yenye butiloda (programu ya kuwashia) ya zamani angalia, mlinzi akishaiwasha upya inaweza kunasa kwenye kujiwasha-kujiwasha isitoke. Uno haina shida hiyo.)

Lakini chipu inapowaka upya, kwa muda kidogo pini zake zote haziko juu wala chini, zinaelea. Draiva ya mota inaweza kusoma chochote hapo. Dawa yake ni rezista za kiloomu 10 kutoka kwenye pini za kuruhusu za draiva kwenda graundi (upande hasi), ili wakati hakuna anayeongea draiva isome hapana. Rezista mbili, bei yake haifiki hata soda. Nimefungua draiva za magari ya wenzangu wengi na sijaiona mara nyingi.

Alafu kuna draiva yenyewe. Zile BTS7960 tunazozipenda kwa mota kubwa zina MOSFET ndani, yaani swichi za kielektroniki, na MOSFET ikiungua mara nyingi inaungua ikiwa imefunga, yaani inakuwa kama waya. Hapo Arduino ipige kelele, rimoti ipige kelele, mota inaweza kupata umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri. Na fyuzi haikusaidii, kwa sababu mota inakula ampea zake za kawaida tu, fyuzi haioni kosa.

Hili lilinichukua muda kulikubali. Nilikuwa nataka sana programu imalize kila kitu. Haimalizi. Lazima kuwe na kitu cha chuma kinachotenganisha betri na draiva.

Nimeweka viwili. Kimoja ni swichi kubwa nyekundu juu ya fremu, nyuma, mahali ambapo unaifikia bila kupita mbele ya tairi. Cha pili ni rilei (swichi inayovutwa na koili ya sumaku) ya kawaida ya taa za gari, ile ya miguu 30, 85, 86 na 87, ambayo bila umeme kwenye koili iko wazi, haipitishi. Na koili yake siiwashi kwa pini iliyokaa juu, maana Arduino ikiganda pini inaweza kugandia juu. Pini inapiga juu-chini, juu-chini muda wote ambao ruhusa ipo, inapita kwenye kapasita na daiodi mbili, inajaza kapasita nyingine ambayo ndiyo inaishikilia transista ya rilei. Pini ikiacha kupiga, iwe imegandia juu au chini, ile kapasita inaisha chaji na rilei inaachia. Wenye mashine za CNC (za kukata zinazoongozwa na kompyuta) wanautumia huu mzunguko siku nyingi.

Ukiangalia ni kitu kilekile. Risiva inaomba ruhusa kwa rimoti, Arduino inaomba kwa risiva, rilei inaomba kwa Arduino, na kila mmoja ruhusa yake inaisha upesi.

Nilivyomaliza nilianza kujaribu kuua kila kiungo kimoja kimoja, gari juu ya matofali. Zima rimoti. Chomoa waya wa signali. Chomoa umeme wa risiva. Weka programu inayoganda makusudi kwenye mzunguko usioisha. Bonyeza kitufe cha riseti stiki ikiwa mbele. Kila mara tairi zilisimama, na kila mara ziligoma kuanza mpaka stiki irudi katikati. Ile MOSFET sikuiunguza, nilichukua kipande cha waya nikaunganisha umeme unaotoka kwenye rilei na mota kwa kuiruka draiva, kisha nikazima rimoti. Rilei ikaachia kwa mlio, mota ikafa.

## Boti

Rafiki yangu wa Kigamboni kasoma michoro yangu yote, anataka kuweka mzunguko huuhuu kwenye boti ya kupimia kina cha maji karibu na ufukwe. Tumebishana wiki nzima.

Kwa gari la chini swali lilikuwa rahisi, kusimama ni salama. Hata kwenye mteremko ile gia ya mota ya waipa inashika yenyewe, tairi haliwezi kuisukuma irudi. Boti ikizima mota haijasimama, inachukuliwa na mkondo. Ndege ndiyo kabisa, ukizima injini angani lazima ishuke. Kwahiyo ukisema "salama" lazima useme salama ya chombo gani na kiko wapi, na sijapata jibu moja linalokaa kwenye vyote. Programu kama ArduPilot, ambayo inaendesha magari na boti pia, inakupa uchague: isimame, irudi ilikotoka kwa GPS, au irudi kwa njia ileile iliyojia.

Yeye anataka irudi yenyewe. Ana hoja, boti ina vifaa vya pesa nyingi na bahari haina uzio. Mimi hofu yangu ni propela kuzunguka bila mtu, sehemu ambayo jioni watoto wanaogelea.

Kwa sasa tumekubaliana hivi: mawimbi yakikatika propela inazima, rilei inaachia, taa ya juu inawaka ili ionekane kwa mbali. Majaribio yote ya mwanzo boti inafungwa kamba nyuma, na tunaingia asubuhi kabla watu hawajafika, maji yakiwa yanajaa, ili ikichukuliwa iletwe nchi kavu. Ya GPS tutayazungumza tukishaona inavyobebwa na mkondo.